Nyota nne kwa kitengo cha mishipa ya ubongo, na ya tano nimeizuia

Kama kichwa kimekulipuka ghafla sasa hivi, maumivu ambayo hujawahi kuyaona maishani, acha kusoma hapa ukimbilie dharura. Haya ni maoni ya mtu ambaye mshipa wake ulikuwa haujapasuka.

Wangu ulionekana kwa bahati. Nilipigwa picha ya MRI kwa ajili ya kipandauso, majibu yakaja na neno aneurizimu, yaani kifuko kilichofura kwenye ukuta wa mshipa: milimita 7, ukubwa wa njegere, mbele ya ubongo pale ateri mbili zinapounganishwa. Siku tatu nilitembea kama nimebeba yai kichwani. Kupiga chafya niliogopa.

Daktari wa kitengo hiki ndiye anayestahili nyota mbili peke yake. Alivuta karatasi akachora mpira wa kumwagilia maji uliochoka sehemu moja ukaanza kufura. Akasema njia ni tatu. Kuuacha na kuupiga picha kila baada ya muda. Kufungua fuvu na kuubana uvimbe kwa klipu shingoni mwake, yaani pale unapoanzia kwenye mshipa, kazi aliyoianza daktari Walter Dandy mwaka 1937. Au kupita ndani ya mshipa na kuujaza koili za platinamu, vijiwaya laini vinavyojikunja, njia ya daktari Guido Guglielmi iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1990. Hakunificha kwamba klipu hudumu zaidi, na kwamba koili huweza kujibana baadaye kukalazimika kurudiwa. Wangu ulikuwa na shingo nyembamba, kwa hiyo koili zingekaa. Kisha akauliza, "Mama, sigara unavuta?" Nikasema mbili tatu. Akaniangalia tu. Nimeacha.

Kabla ya koili kuna angiografia, picha ya mishipa yenyewe, na hiyo nilifanyiwa nikiwa macho. Wanapitisha katheta, mrija mwembamba, kinenani, husikii kitu, halafu wanasukuma dawa ya picha. Joto likapanda shavuni kama nimefunua sufuria inayochemka, vimulimuli vikacheza nyuma ya jicho la kushoto, na mdomoni ladha ya chuma. Fundi wa picha alikuwa akinihesabia kabla ya kila msukumo: "Sasa hivi utasikia moto, tulia, usimeze mate." Bila ile sauti ningeruka kitandani.

Koili zenyewe niliwekewa nikiwa usingizini. Zilikuwa sita. Baadaye nilijifunza kwamba kila moja huachanishwa na waya wake kwa umeme mdogo sana, na damu iliyobaki katikati yake huganda. Nilipoamka nililazwa chali mguu umenyooka kwa muda wa saa sita, sista akinimulika macho kila saa: jina lako nani, leo siku gani, nibane vidole, nitabasamulie. Ilipofika saa tisa usiku nikamwambia tabasamu zimekwisha. Akasema hata la kuazima atalipokea.

Dada wa kitanda cha pili alikuwa na kitu kingine kabisa: fundo la mishipa alilozaliwa nalo, ateri zinamwaga damu moja kwa moja kwenye vena bila kapilari, vile vimishipa vidogo sana, za kupunguza kasi. Yeye alipigwa mionzi, kwa mashine ya aina aliyoibuni Lars Leksell. Aliambiwa waziwazi kwamba fundo huziba polepole, miaka miwili hadi mitatu, na muda wote huo linaweza kuvuja. Alilia, lakini alienda nyumbani anajua.

Sasa nyota ya tano. Fomu ya ridhaa niliiletewa koridoni, niko kwenye machela, nimeshavaa gauni la upasuaji, miwani imefungiwa kabatini. Kurasa nne. Karani amesimama na kalamu imefunguliwa. Hata kama daktari alishanieleza yote, mtu hasaini maneno "kiharusi" na "kifo" kwa kukisia herufi. Nilidai miwani yangu; walinuna, wakaileta.

Halafu kadi. Ukiwekewa koili unapaswa kupewa kadi inayotaja aina yake, ili siku nyingine watu wa MRI wajue wanachokutana nacho. Mimi niliruhusiwa bila kadi, nikapiga simu mara tatu.

Picha ya miezi sita inaonyesha koili zimetulia, ila kuna kijisehemu kwenye shingo ya uvimbe ambacho daktari anataka kukitazama tena mwakani. Kadi nayo imefika. Jina langu limekosewa herufi moja.