Tambi za mchele kwa pansiti ya samaki: pakiti ipi ya kununua

Anayetaka kupika pansiti, yaani tambi za Kifilipino zinazokaangwa na mboga, hapa Tanga hapungukiwi na mengi. Samaki yupo soko la Deep Sea, karoti na kabichi zinashuka kutoka Lushoto, ndimu na vitunguu saumu ni vya kila genge. Kinachoamua chakula kitoke vipi ni tambi zenyewe, na pakiti zinazofanana dukani hazifanani hata kidogo zikifika karaini.

Tunazozipima hapa ni zile nyembamba, nyeupe na kavu, ambazo Wafilipino huziita bihon. Kabla ya kulipa, geuza pakiti usome viambato. Nzuri ina mchele na maji, basi. Ukikuta wanga wa mahindi umetajwa mwanzo, irudishe. Hata Ufilipino kwenyewe za wanga zimejaa kwa sababu ni nafuu, lakini hunata haraka na hukatika vipande mwiko ukizigusa mara mbili. Bonyeza pia chini ya pakiti: ukisikia vipande vingi vilivyovunjika, hizo zimeshapondwa njiani na hazitatoa nyuzi ndefu zinazofanya pansiti iwe pansiti. Kwa Wafilipino urefu ule una maana, maana tambi hizi hupikwa siku ya kuzaliwa kumtakia mtu maisha marefu.

Tambi za ngano tunazopika kwa sukari na iliki mwezi wa Ramadhani hazichukui nafasi yake. Zikilowekwa kama za mchele zinageuka uji. Spageti inaweza kusaidia ukikosa kabisa, ila ichemshwe kwanza na ibaki ngumu kidogo, halafu mchuzi wa samaki wa kuzipikia upunguzwe hadi nusu kikombe.

Kasoro kubwa ya pakiti nyingi, hata zile nzuri, ni maelekezo yaliyoandikwa nyuma: chemsha dakika tatu, chuja. Hayo ni ya supu. Tambi iliyochemshwa imeshashiba maji matupu, kwa hiyo mchuzi wa samaki haupati pa kuingia. Utaiona imepakwa soya nje, ndani haina ladha. Ziloweke tu kwenye maji yasiyo moto kwa dakika 10 hadi 15, mpaka zipinde bila kukatika lakini zibaki na ukakamavu. Chuja, uzitumie papo hapo. Zikisahaulika kwenye chujio nusu saa zitakuwa bonge moja.

Gramu 250 za tambi, zinazotosha watu wanne au watano, zinahitaji takriban mililita 600 za mchuzi. Chukua kichwa na mifupa ya nguru, toa matamvua yote kwa sababu yanatia uchungu, weka kitunguu kimoja na kipande cha tangawizi, chemsha kwa moto mdogo dakika 20, kisha chuja. Usiuache jikoni saa nzima kama supu ya ng'ombe. Mifupa ya samaki ikizidi kuchemka mchuzi unakuwa mzito na mchungu.

Nguru ndiye samaki wa kazi hii, na Wafilipino nao wanamla. Kwao ni tanigue. Nusu kilo ya nyama yake ikatwe vipande vya sentimita 3, ikaushwe vizuri kwa kitambaa, inyunyiziwe chumvi nusu kijiko cha chai, halafu ikaangwe dakika 2 kila upande kwenye mafuta yaliyopata moto. Samaki mwenye maji huganda kwenye karai na kuacha nusu ya nyama chini. Akishashika rangi, mtoe, akae pembeni. Mwatiko, ambaye Wafilipino wanamfuga na kumpenda sana, anafugwa pwani yetu pia, lakini miiba yake ni midogo na mingi mno. Kama hujaiondoa yote usimtie humu, maana mwiba mweupe ndani ya tambi nyeupe hauonekani, na mtoto ataumeza.

Kwenye karai lilelile, mafuta vijiko viwili vya chakula, kitunguu maji, punje tano za saumu, kisha karoti mbili na maharage mabichi konzi moja, vyote vimekatwa vyembamba. Dakika 2. Kabichi robo ifuate kwa dakika 1, kisha zitoe mboga zote. Zikiachwa zinasubiri tambi, zitalegea na kumwaga maji yatakayoharibu kipimo cha mchuzi.

Sasa mimina mchuzi, soya vijiko vitatu vya chakula, pilipili manga, na kijiko kimoja cha kamba wakavu waliopondwa. Chumvi isubiri, maana soya na kamba wameshabeba ya kutosha. Mchuzi ukichemka ingiza tambi. Usikoroge! Zinyanyue kutoka chini kwa uma mbili na kuziachia, dakika 4 hadi 5, mpaka karai likauke. Zikiwa bado ngumu ongeza mchuzi robo kikombe, si zaidi. Kwa jiko la mkaa, moto mkali ni wa samaki na mboga. Tambi zikiingia, punguza makaa, la sivyo mchuzi utakauka kabla hazijaiva na za chini zitaungua.

Rudisha mboga, changanya kidogo, samaki akae juu mwisho kabisa ili asivunjike. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu na sahani yake. Wafilipino hutumia kalamansi, na ndimu yetu inatosha. Tui la nazi liache, hata kama mkono umezoea: linafunika ladha ya samaki na kuzifanya tambi zishikane.

Pakiti ikishafunguliwa, hamishia zilizobaki kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Zikiachwa wazi, unyevu wa pwani unaziingia na zinashika harufu ya kabati.