Mtaala wa Kusomesha kwa Vitabu vya Hadithi: Tathmini Baada ya Miaka Miwili Nyumbani

Kwa miaka miwili sasa tumewasomesha watoto wetu watatu nyumbani kwa mtaala uliojengwa juu ya hadithi, riwaya za watoto na wasifu wa watu mashuhuri badala ya vitabu vya kiada. Ninaandika tathmini hii kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuununua yaliusifu mzima mzima au kuukataa mzima mzima, ilhali mimi nimeona kwamba mtaala wa aina hii haufai kutumiwa jinsi unavyotoka kwenye sanduku, na kwamba thamani yake huonekana pale mzazi anapothubutu kuukata, kuupanga upya na kuuongezea.

Kifurushi tulichokipokea kilikuwa na mwongozo mnene wa mzazi, vitabu vya kuwasomea watoto kwa sauti, vitabu vya mtoto kujisomea mwenyewe, kitabu kikuu cha historia ambacho ndicho uti wa mgongo wa mwaka, ramani, na mkanda mrefu wa karatasi wa kubandikia matukio kwa mfuatano wa miaka. Kazi imegawanywa katika wiki 36 za siku tano tano, yaani siku 180, na kila siku ina visanduku vyake katika jedwali: kurasa za historia, sura ya riwaya, shairi, ramani, maswali ya ufahamu, imla na kunakili. Hisabati haimo, na sayansi imo kidogo tu. Chapa inasomeka vizuri, majalada ni imara, na uteuzi wa vitabu, kwa sehemu kubwa, umefanywa na mtu anayejua ni kitabu gani kitamfanya mtoto aombe asomewe sura moja zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililonizuia nisiurudishe hata tulipoelemewa.

Wazo lenyewe si geni. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyeishi kati ya 1842 na 1923, alishikilia kwamba akili ya mtoto ilishwe vitabu hai, yaani vitabu vilivyoandikwa na mtu anayelijua na kulipenda somo lake, wala si mihtasari mikavu. Kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi. Na kwamba mtoto akishasomewa mara moja tu asimulie kwa maneno yake mwenyewe kile alichokisikia. Mitaala mingi ya aina hii inayouzwa leo imechota kwake, ingawa si yote iliyochota kwa uangalifu. Huu wetu umechukua vitabu hai lakini umeyapuuza masomo mafupi, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia.

Katika wiki sita za kwanza nilifuata jedwali kisanduku kwa kisanduku. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka 11, wa kati 8 na kitinda mimba 5, na kila mmoja alikuwa na safu yake. Kufikia wiki ya sita tulikuwa tumebaki nyuma kwa wiki mbili, nilikuwa nikisoma kwa sauti hadi koo linakauka, na riwaya ambayo watoto waliipenda ilikatizwa katikati ya tukio kwa sababu kisanduku cha shairi kilikuwa kinangoja. Lililonihuzunisha zaidi ni kwamba wa kati, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipitiwa na usingizi kitabu kikiwa kifuani, alianza kuuliza zimebaki kurasa ngapi.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa kuziondoa siku katika ratiba. Nilifuta Jumatatu hadi Ijumaa, nikayapa masomo namba, kisha nikayagawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, lenye hisabati, kusoma na kusimulia, hufanywa kila siku ya masomo bila kukosa. Fungu la pili lina ramani, mashairi, maumbile, sanaa na mkanda wa historia, nalo huenda kwa zamu: tukiishia kwenye mashairi leo, siku inayofuata tunaanza na maumbile, hata kama katikati pamepita siku tatu za homa. Kwa mpango huo hakuna somo linaloitwa limechelewa, na mzazi haanzi asubuhi akiwa na deni la jana. Wiki 36 za mwongozo zilituchukua wiki 47 katika mwaka wa kwanza, tena vitabu vinne tuliviacha kabisa. Kigezo cha kuacha kilikuwa hiki: zikishasomwa sura tatu kwa utulivu, na pasiwe na mtoto hata mmoja anayeuliza kitakachofuata, kitabu kinarudi rafuni. Nasisitiza sura tatu, kwa kuwa riwaya kadhaa nzuri huanza polepole, na moja kati ya zile walizozipenda kuliko zote ingeachwa kama ningeipima kwa sura ya kwanza.

Marekebisho ya pili yalikuwa kuwaunganisha watoto. Mwongozo unauzwa kwa viwango vya umri, na mzazi mwenye watoto watatu hushawishika kununua viwango vitatu. Ninashauri asifanye hivyo. Kwa miaka mingi ya utoto, mtoto huelewa kwa kusikia mambo mazito kuliko yale anayoweza kujisomea, na kwa hiyo riwaya iliyokusudiwa kwa wa miaka 11 ikisomwa kwa sauti nzuri humfikia pia wa miaka 8, na wa miaka 5 huokota anachoweza akiwa anachora pembeni. Sisi tulibaki na historia moja na riwaya moja ya familia nzima, tukatofautisha kazi inayofuata tu. Lakini tahadhari inahitajika: baadhi ya vitabu vya kiwango cha juu vinaeleza vita, njaa na vifo vya wazazi kwa undani usiomfaa mdogo. Mwongozo hautaji jambo hilo popote, na hiyo ni kasoro kubwa kwa bidhaa inayojitambulisha kuwa ya familia. Tangu usiku mmoja kitinda mimba alipoamka akilia kwa sababu ya sura tuliyoisoma mchana, sifungui kitabu mbele ya watoto kabla sijakipitia mwenyewe.

Kuhusu maswali ya ufahamu, ambayo mwongozo unayatoa kwa kila sura, maoni yangu ni kwamba yanapoteza muda na yanaharibu usomaji. Swali linaloomba jina la farasi wa shujaa humfundisha mtoto kuwinda majina. Tuliyaondoa yote na kuweka usimulizi mahali pake, nao haukuja kwa urahisi. Wa kati alinyamaza kabisa kwa siku kumi. Ukimwambia asimulie, anatazama sakafu. Nilipunguza kipande cha kusomewa kutoka sura nzima hadi aya moja, nikamruhusu achore kwanza au apange vitu mezani kuonyesha nani alisimama wapi, ndipo aeleze alichokipanga. Baada ya miezi miwili alikuwa akisimulia ukurasa, na sasa husimulia sura nzima, pamoja na maneno ya mwandishi ambayo sikuwahi kumfundisha. Kifungua mimba alikuwa na tatizo tofauti: alijibu kwa ufupi wa kukatisha tamaa, kwamba walikwenda, wakapigana, wakarudi. Yeye nilimhamishia kwenye maandishi mara moja kwa wiki, akisimulia kwa niaba ya mhusika mmoja, na huko ndiko alikopata sauti yake. Nimejifunza pia kwamba mdogo ndiye aanze kusimulia na mkubwa aongeze. Mkubwa akitangulia, wengine hubaki hawana la kusema.

Kuna suala la lugha, na kwa familia inayozungumza Kiswahili ndilo zito kuliko yote. Vitabu vyote vya kifurushi chetu ni vya Kiingereza. Mtoto anayeishi ndani ya lugha moja na kusomewa katika nyingine hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mzazi akiona anakwama hudhani hakuelewa hadithi, kumbe ni neno moja lililomfungia mlango. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, kila mtoto husimulia kwa lugha anayoitaka, hata kama kitabu ni cha lugha nyingine, na nimegundua kwamba usimulizi wa Kiswahili wa sura ya Kiingereza ni zoezi la tafsiri lenye manufaa kuliko orodha yoyote ya msamiati. Pili, thuluthi moja ya vitabu vya kifurushi niliibadilisha kwa vitabu vya Kiswahili: ngano, mashairi ya arudhi na riwaya fupi za vijana. Mashairi hasa yalileta nguvu ambayo sikuitarajia, kwa sababu vina na mizani hushikwa na sikio kabla akili haijafika, na watoto huyakariri bila kulazimishwa.

Kitabu kikuu cha historia kimeandikwa kwa ufasaha, lakini kimesimama upande mmoja wa dunia na kuwatazama wengine kwa mbali. Mabara mazima yanaingia tu pale meli za wageni zinapotia nanga. Hatukukitupa. Tunakisoma tukijiuliza nani anasimulia na nani hakupewa nafasi ya kusimulia, kisha tunatafuta wasifu au ngano ya upande wa pili na kuibandika kwenye mkanda mahali pake. Ni kazi ya ziada inayohitaji jioni za mzazi, na mwongozo hausaidii lolote katika hilo.

Mtaala huu haumfundishi mtoto kusoma, ingawa tangazo lake linaweza kumfanya mzazi aamini hivyo. Kumzungushia mtoto vitabu vizuri humpa hamu. Hakumpi ufunguo wa herufi na sauti zake, na huo unahitaji kufundishwa kwa mpangilio. Kitinda mimba tulimwanzishia kwa silabi za Kiswahili, ba, be, bi, bo, bu, kwa kuwa tahajia yetu hufuata matamshi kwa uaminifu, na alipokwisha kushika kanuni hiyo ndipo tukamwingiza kwenye Kiingereza na mikanganyiko yake. Hisabati tunaifundisha kwa kitabu tofauti kabisa.

Kwa upande wa kumbukumbu, mwongozo unatoa fomu za kutia alama tu. Katika nchi na majimbo yanayomtaka mzazi aonyeshe maendeleo ya mtoto, fomu hizo hazitoshi, na ni vyema kuweka jalada lenye usimulizi ulioandikwa, michoro yenye tarehe na orodha ya vitabu vilivyomalizwa. Mzazi ajue kwanza sheria ya mahali alipo kabla ya kununua chochote, kwa maana zipo nchi, Ujerumani ikiwa mojawapo, ambazo haziruhusu elimu ya nyumbani ila kwa nadra sana.

Sitampendekezea mtaala huu mzazi ambaye hapendi kusoma kwa sauti au ambaye muda wake unaruhusu saa moja tu kwa siku, kwa sababu mzigo wake mkubwa uko kwenye koo na macho ya mzazi. Kwa aliye tayari kwa hilo, ninampendekezea kwa moyo wote anunue mwongozo peke yake, aazime vitabu maktaba au avipate kwa waliokwisha kuvitumia, na anunue vipya vile tu ambavyo watoto wameomba kusomewa tena. Kwa mwaka wa tatu ndivyo tulivyofanya. Mwongozo umeshafika, kifungua mimba amepewa orodha achague riwaya tatu za kuanzia, na mimi niko sura ya tano ya ile aliyoiweka juu.