Miezi minane na PSP iliyofunguliwa: kazi yake na uhalali wake

Nimekaa na PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Sony, kwa miezi minane sasa, ikiwa imefunguliwa, yaani kufuli linaloizuia kuendesha programu zisizoidhinishwa limeondolewa. Naandika haya kwa ajili ya yule anayejiuliza maswali mawili niliyojiuliza mimi kabla sijaanza: je, shughuli yenyewe inalipa? Na je, ni halali? La kwanza lina jibu fupi: inalipa, tena sana. La pili limeninyima usingizi kuliko hata kuandika programu zenyewe.

Mashine yangu ni PSP-3000, toleo la mwaka 2008, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuja na kasoro mbili. Betri ilikuwa imevimba mpaka kifuniko cha nyuma kinakaa upande, kama shavu la mtoto aliyeficha kipande cha muwa. Betri ya namna hiyo haichajiwi wala haibonyezwi irudi mahali pake. Niliitoa siku hiyo hiyo nikaagiza nyingine. Kasoro ya pili ilikuwa kwenye memori kadi. Muuzaji alikuwa ameijaza gemu zilizonakiliwa, zaidi ya mia moja, na akaziita zawadi. Nilizifuta zote. Sababu nitaieleza nikifika kwenye sheria.

Kwa asiyeijua, PSP ilianza kuuzwa Japani Desemba 2004 na Marekani Machi 2005. Programu yoyote inayotaka kufunguka ndani yake inatakiwa iwe na saini ya kidijitali inayotambuliwa na mashine. Isipokuwa na saini, inakataliwa mlangoni. Programu za kujitengenezea, wenyewe wanaziita hombru, ni zile zinazoandikwa na watu wa kawaida wasio na mkataba na mtengenezaji, kwa hiyo hawana saini. Kikokotoo, kisoma vitabu, kicheza muziki, gemu ndogo alilobuni mwanafunzi likizo: vyote hivyo ni hombru. Si wizi wa kazi ya mtu. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mashine za kwanza kabisa, zenye programu dhibiti (programu ya ndani inayoiendesha mashine) namba 1.00, hazikuwa hata zinakagua saini ipasavyo. Kufikia katikati ya mwaka 2005 watu walikuwa wameshazitumia kuendesha kazi zao, na zile za 1.50 zilifunguliwa kwa mbinu ya kubadilisha memori kadi mbili kwa haraka wakati programu inafunguka. Mwaka 2007 ikaja betri iliyopewa jina la Pandora: betri ya kawaida iliyobadilishwa namba yake ya ndani, na PSP ikiiona inadhani iko mikononi mwa fundi wa kiwandani na kuamka katika hali ya matengenezo. Kisha mwanzoni mwa 2011 funguo za kusaini programu za PSP zikapatikana ndani ya PS3, mashine nyingine kabisa, kwa kuwa PS3 nayo ilikuwa na uwezo wa kuendesha programu za PSP. Tangu hapo mtu aliweza kusaini kazi yake mwenyewe. Nikiisoma historia hii naona watu waliotaka tu kuandika kitu kwenye kifaa walichokinunua, na wakapiga hodi miaka sita mpaka mlango ukafunguka.

Sasa, uzoefu wenyewe. Siku ya kwanza, kabla sijafungua chochote, niliandika programu ya mistari michache ya lugha ya C, ya kuchapisha neno HABARI juu ya skrini. Vifaa vya kuandikia vimetengenezwa na wapenzi wenyewe na ni vya bure. Ukimaliza unapata faili moja linaloitwa EBOOT.PBP, unaliweka kwenye folda yake ndani ya PSP/GAME, unachomoa kebo. Nilibonyeza X. Skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikarudi na ujumbe kwamba gemu haliwezi kuanzishwa, na namba 80020148. Yeyote aliyewahi kugusa mambo haya anaijua namba hiyo. Maana yake, kwa Kiswahili cha kawaida: wewe sikutambui.

Kufungua kulinichukua kama dakika kumi na tano. Mashine ilikuwa na programu dhibiti 6.61, ya mwaka 2015. Unanakili folda ya mfumo uliorekebishwa, unaufungua kama gemu, unabonyeza X, mashine inajiwasha upya. Nikarudi kwenye faili langu lile lile, sikubadilisha hata herufi. HABARI, herufi nyeupe juu ya weusi, kona ya kushoto. Nilikaa nikiitazama kwa muda.

Jambo moja ulifahamu: kwa njia niliyotumia, kwenye toleo la 3000 mfumo huo unakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukiilaza mashine, upo. Ukiizima kabisa, umeondoka, na itabidi uuwashe tena. Iko njia ya kuufanya wa kudumu. Mimi sijaitumia, kwa sababu inagusa kumbukumbu ya ndani, na betri ikikata katikati ya kazi hiyo mashine inaweza isiamke tena. Kurudia hatua moja kila nikiizima sioni kama ni mzigo.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa memori kadi. Niliagiza nyingine iliyoandikwa ukubwa mkubwa. Kompyuta ikakubali, PSP ikakubali, mafaili yakaingia. Baada ya siku mbili nusu yake hayafunguki. Kumbe kadi ilikuwa inadanganya ukubwa wake: inapokea mpaka inapoishia kweli, kisha inaanza kuandika juu ya yaliyotangulia. Jaza kadi mpya yote, kisha usome ulichoandika, kabla hujaiamini na kitu chochote. Kwa sasa natumia kiunganishi kinachopokea microSD kutoka kwa mtengenezaji ninayemwamini, na sijapoteza faili tena.

Mashine yenyewe ni raha kuiandikia. Prosesa ya 333 MHz, kumbukumbu ya MB 64, skrini ya nukta 480 kwa 272. Kwa viwango vya simu za leo ni kidogo mno, lakini ni kidogo kinachoeleweka chote. Hakuna tabaka kumi kati yako na skrini. Na inakufundisha adabu. Programu yangu ya pili ilikuwa haitoki ukibonyeza kitufe cha HOME. Mashine inaonekana kama imekufa. Ilibidi nijifunze kwamba kitufe hicho hakifanyi kazi chenyewe: ni wewe mwandishi unayepaswa kuiambia mashine mapema nini kifanyike mtu akitaka kuondoka. Usipomwachia mtumiaji mlango, hana pa kutokea.

Tuje kwenye sheria. Nilidhani jibu litakuwa moja. Nimekuta ni maswali matatu tofauti yaliyovaa nguo moja.

La kwanza ni programu unayoiendesha. Ukiiandika mwenyewe, hakimiliki ni yako. Ukipakua ya mtu aliyeitoa kwa leseni huria, umeruhusiwa. Mfano mzuri ni Doom, gemu la mwaka 1993: waandishi wake walitoa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, hadharani mwaka 1997, na ndiyo maana umehamishiwa kwenye karibu kila kifaa chenye skrini, PSP ikiwemo. Lakini msimbo si gemu zima. Picha, sauti na ramani za gemu kamili bado zina mwenyewe. Ndiyo maana upo mradi wa Freedoom, ambao wachoraji wake wamechora upya kila kitu ili mtu asiye na nakala halali acheze bila kumwibia yeyote. Mimi nimeweka Freedoom. Emuleta, yaani programu zinazoigiza mashine nyingine, nazo zinafuata hesabu hiyo hiyo: mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, ilikubali kwamba kunakili programu ya ndani ya mashine ili kuichunguza na kutengeneza kiigizo chake ni matumizi ya haki, yaani yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye hakimiliki. Hukumu hiyo haikumruhusu mtu yeyote kugawa gemu zenyewe. Zile mia na zaidi nilizozikuta kwenye kadi hazikuwa na utetezi wowote, ndiyo maana nilizifuta.

La pili ndilo gumu: kitendo cha kufungua kufuli. Unaweza usiibe chochote na bado ukawa umevunja sheria kwa kufungua tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inakataza kukwepa kufuli zinazolinda kazi zenye hakimiliki. Kila baada ya miaka mitatu Maktaba ya Bunge la Marekani inasikiliza maombi ya misamaha. Mwaka 2010 simu zilipata msamaha. Mwaka 2012 ombi kama hilo kwa ajili ya mashine za gemu lilikataliwa, hoja kubwa ikiwa kwamba kufungua mashine hizi kunaandamana mno na uharamia wa gemu. Yaani kifaa kimoja cha mfukoni kinaruhusiwa na kingine kinakatazwa, kwa kuangalia wengine wanakitumiaje. Naiheshimu sheria, lakini hoja hiyo inaniumiza: mtu anayeandika programu ya kumfundisha mtoto hesabu anahesabiwa pamoja na anayeuza kadi zilizojaa gemu za wizi.

Ulaya mahakama zimepima kwa mizani nyingine. Januari 2014, katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kufuli inalindwa na sheria, lakini ni lazima iendane na lengo lake la kuzuia unakili usioruhusiwa, na kwamba majaji wa nchi husika watazame kifaa cha kufungulia kinatumika kwa kazi gani hasa. Kwangu hayo ni maneno ya busara: kama wengi wanakitumia kwa kazi halali, hilo nalo lina uzito. Tena tarehe 17 Oktoba 2024 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi inayoihusu PSP moja kwa moja. Kampuni ya Datel iliuza programu za kubadilisha gemu za PSP wakati zinachezwa, mfano kumpa mchezaji nguvu za ziada zisizoisha. Mahakama ikasema kubadilisha thamani zilizo kwenye kumbukumbu ya muda, bila kugusa msimbo wa gemu lenyewe, si kuvunja hakimiliki ya programu ile. Uamuzi huo hauhalalishi kila kitu, ila unaonyesha majaji wanatenganisha kazi ya mtu na kinachotokea ndani ya mashine ninayoimiliki mimi.

La tatu ni biashara, na hapa sheria haina huruma. Uingereza mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba wamevunja sheria waliokuwa wakiingiza na kuuza kadi za kuendeshea gemu zilizonakiliwa kwenye Nintendo DS, mashine nyingine ya gemu ya mkononi, na hoja kwamba kadi hizo zinaweza pia kuendesha hombru haikuwaokoa. Marekani, Februari 2022, Gary Bowser wa kundi la Team Xecuter alihukumiwa miezi 40 jela kwa kushiriki kuuza vifaa vya kufungulia mashine za gemu. Kwa hiyo ukiniomba nikufungulie mashine yako kwa malipo, nitakataa. Nikikuonyesha ninavyoandika programu, nitafanya hivyo bure na kwa furaha.

Ukiwa na mashine mpya zaidi, hesabu inabadilika. Kifaa kinachoingia kwenye huduma za mtandaoni za mtengenezaji kinaweza kufungiwa moja kwa moja kikigundulika kimerekebishwa, na hilo halihitaji hakimu. PSP haina tena cha kufungiwa. Imeacha kutengenezwa tangu 2014, na ununuzi wa gemu kupitia kwayo ulikwisha 2021. Hii ni moja ya sababu niliichagua, pamoja na kwamba fundi yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua.

Basi, ningeipendekeza kwa nani? Kwa anayetaka kujifunza kuandika programu ya kifaa anachoweza kukishika, naam, bila kusita. Asome kwanza sheria ya nchi anayoishi, si ya nchi ya aliyeandika maelekezo. Kwa anayetaka gemu za bure, hapana.

Programu ninayojivunia ni ya jedwali la kuzidisha, niliyomwandikia binti yangu. Swali linatokea, anachagua jibu kwa mishale, anabonyeza X. Wiki iliyopita alinilalamikia kwamba akifikiria sana skrini inamzimikia kabla hajajibu. Mashine ilikuwa inadhani hakuna mtu. Nikatafuta, nikakuta dawa ni mstari mmoja, scePowerTick, wa kuiambia PSP mara kwa mara kwamba mchezaji bado yupo. Nikauongeza, nikabadilisha faili moja kwenye kadi, nikamrudishia. Saba mara nane ilimchukua karibu dakika mbili, na skrini ikamngoja.