Redio za Tanga zinapotangaza ajali: huduma tunayopewa wasikilizaji

Basi likipinduka kati ya Segera na Muheza, mtu wa Ngamiani au Chumbageni hangoji gazeti la kesho. Anafungua redio, na mkononi ana simu. Tunachopima hapa ni kile anachopewa katika saa tatu nne za mwanzo, kwa sababu ndizo zinazoumiza watu.

Kwa wepesi, redio zetu ziko vizuri. Mwandishi anafika kwa bodaboda, na sauti ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa haichelewi sana. Mambo huharibika pale mtangazaji anapoona taarifa aliyonayo ni fupi, akataka kuirefusha.

Hapo zinafunguliwa simu za wasikilizaji. Mpigaji aliye eneo la ajali anarushwa moja kwa moja, anamtaja dereva kwa jina, anasema ni mtoto wa nani, na kule nyumbani mama yake bado anachambua mchele. Pwani msiba haupelekwi hivyo. Anatumwa mtu mzima, anafuatana na mwenzake, wanakaribishwa, wanakaa, ndipo wanasema. Dawa yake haina gharama kubwa. Simu ipokelewe kwanza na msaidizi nje ya hewa, amuulize mpigaji amesimama wapi na nini amekiona kwa macho yake, amwambie asitaje majina. Mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde 7 humpa fundi nafasi ya kukata. Kituo kisicho nao kirekodi dakika mbili, mhariri asikilize, ndipo zirushwe.

Kwenye idadi ya waliokufa, kosa ni lilelile kila mwaka: kujumlisha. Polisi wanahesabu miili barabarani. Hospitali inahesabu iliyopokelewa, pamoja na waliofia njiani. Majeruhi aliyeandikishwa Muheza akahamishiwa Bombo, hospitali ya mkoa, anaonekana katika daftari mbili. Ukichukua namba za pande zote ukazijumlisha, umeua watu ambao hawajafa. Namba isomwe pamoja na jina la aliyeitoa na saa yake: “hadi saa nne asubuhi, kwa mujibu wa Kamanda”. Februari 2023 huko Korogwe, Coaster iliyobeba jeneza na waombolezaji iligongana na lori. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 17, kisha ikapanda. Aliyeitangaza ile ya kwanza pamoja na saa yake hakuwa na cha kukanusha.

Baharini ni kugumu zaidi. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, waliokuwamo walizidi kiwango kilichoruhusiwa, na Tanga ina ndugu wengi Pemba. Kutoa “waliokufa” kwa ukubwa wa chombo au kwa tiketi ni kubahatisha. Na neno “wote wamekufa” lisitamkwe mapema: kivuko cha MV Nyerere kilizama Ziwa Victoria Septemba 20, 2018, na siku mbili baadaye fundi wake alitolewa ndani akiwa hai.

Jambo dogo linalosaidia sana ni kulitambulisha basi sawasawa. Ukisema “basi la Dar” tu, kila nyumba yenye msafiri inapagawa na simu za stendi ya Kange hazishikiki. Taja kampuni, lilikotoka, linakokwenda na saa liliyoondoka. Nyumba nyingi zitapumua papo hapo. Kisha toa mahali pa kuulizia, na urudie kila nusu saa.

Picha kwenye kurasa za redio hizo mtandaoni ndizo zinazotuudhi kuliko yote. Kina mama wa kando ya barabara wamefunua kanga zao wakamsitiri marehemu, halafu mpiga picha anasogea. Uso hauonekani, kweli. Lakini nje ya kanga imebaki ndara moja, kamba yake imeshonwa kwa uzi mweupe, na aliyeishona akiiona hahitaji kuambiwa jina. Kufunika uso kwa ukungu hakutoshi. Rudi nyuma, piga gari zima na barabara, na kabla ya kuweka kagua kingo za picha: mkoba, kiatu, sare ya shule. Mtoto asionekane kabisa. Majeruhi asiwekewe kipaza sauti akiwa machela; hapo hawezi kukubali wala kukataa.

Na baada ya taarifa ya vifo, tangazo la promosheni na kionjo cha kituo chenye ngoma vinaingia kwa sababu vimepangwa kwenye kompyuta tangu jana. Fundi mitambo awe na orodha ya akiba isiyo na matangazo.

Kwa jumla tunazipa nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizopungua haziko kwenye saa za mwanzo peke yake. “Mwendo kasi” hutangazwa kuwa chanzo kabla ya gari kukaguliwa, na watoto wa dereva wanakwenda shule hapahapa mjini. Kisha maziko yakiisha, kimya. Breki zilikutwaje? LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, imechukua hatua gani? Bima imelipa nani? Tunataka kusikia hayo wakati wa arobaini, katika taarifa ileile ya saa mbili usiku iliyosoma idadi ya waliokufa.