Pl@ntNet na mti wa uani: jinsi nilivyoutambua mbilimbi

Nyumba tuliyohamia Tanga ilikuwa na mti uani ambao muuza miche mmoja aliuita karambola, yaani mti wa matunda ambayo yakikatwa kwa upana huonyesha umbo la nyota, nami niliamini hivyo mpaka ulipozaa. Hapo ndipo nilipopakua Pl@ntNet, programu ya simu isiyolipiwa iliyoundwa na watafiti wa taasisi za Ufaransa, ambayo hulinganisha picha ya mmea na picha za mimea iliyokwisha kutambuliwa, kisha huorodhesha majina yanayowezekana pamoja na kiwango cha uhakika wa kila moja.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba mtumiaji anaweza kutuma picha kadhaa za mmea uleule na kuonyesha ipi ni ya jani, ipi ya ua, ipi ya tunda na ipi ya gome. Karambola na bilimbi ni ndugu wa jenasi moja, Averrhoa, na majani ya miti yote miwili yamegawanyika kama unyoya, hivyo anayetegemea jani peke yake hupotea kwa urahisi. Nilipiga picha ya jani zima, kuanzia kikonyo hadi ncha, kisha matunda yakiwa bado yananing'inia, na programu ikaweka Averrhoa bilimbi juu ya orodha.

Hata hivyo, niliona ni lazima nihakikishe kwa macho yangu. Nilihesabu vijani vya jani moja nikapata 29, ilhali jani la karambola huwa na vichache, mara nyingi kati ya 5 na 11. Matunda yalikuwa yametoka kwenye shina lenyewe, vishada kwa vishada, kila moja mfano wa tango dogo, na nilipolikata moja kwa upana sikuona nyota yenye pembe kali, bali mviringo wenye migongo mitano hafifu. Bibi wa nyumba ya pili alichukua kipande, akakitia chumvi na kukitafuna. "Mwanangu, hizi ni bilimbi, za achari na mchuzi wa samaki," aliniambia.

Nawasihi watumiaji wasile tunda wasilolijua kwa kutegemea jibu la simu tu, hasa wenye maradhi ya figo, kwa kuwa bilimbi na karambola zote zina asidi ya oksaliki kwa wingi. Kwa kazi ya kutambua mti, lakini, naipendekeza programu hii bila kusita, mradi mtu awe na subira ya kungoja msimu wa matunda.