Bunduki ya kwanza ya shabaha za mbali: uzoefu wangu na CZ 457

Kila ninaporudi Lubumbashi kutoka Afrika Kusini, vijana wa Kamalondo wanaojua kwamba napiga shabaha huniuliza swali lilelile: "Yaya (yaani mkubwa wetu), mtu akitaka kuanza kupiga mbali, achukue bunduki gani?" Wengi wanatarajia nitaje kaliba kubwa, ile ya kupiga kilomita nzima. Mimi huwajibu: anza na .22, kaliba ndogo, ya bolti (inayokokwa kwa mkono kila risasi), yenye mtutu mnene, na ukiipata, iwe CZ 457 Varmint. Sababu zake ni ndefu kuliko maongezi ya kando ya barabara, ndiyo maana naziandika.

Kwanza mjue napigia wapi. Kazi yangu ni usafirishaji. Shaba inatoka Katanga, inavuka Kasumbalesa, inapita Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, nami nafuatilia mizigo na karatasi zake. Pretoria yupo kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, mkazi wa kudumu kule, mwenye vyeti na leseni zote zinazodaiwa na sheria yao ya silaha ya mwaka 2000, na sanduku la chuma lililokazwa ukutani. Bunduki ni zake. Sheria ya kule inamruhusu mwenye leseni kumwachia mtu apige mbele ya macho yake, kwa hiyo napiga kwenye uwanja wa klabu, yeye akiwa pembeni yangu. Sijawahi kuvusha hata ganda tupu Kasumbalesa, wala sitajaribu. Huku kwetu Kongo silaha zinaongozwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia asiye na kibali haruhusiwi kuwa na bunduki. Mwenye hamu ya mchezo huu aanzie kwenye karatasi.

Sasa bunduki yenyewe. 457 inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki. Ile ya Varmint ina mtutu mnene wa milimita 525, na ukishafunga darubini uzito wake unapita kilo tatu bila shaka. Kwa mwindaji anayetembea porini uzito huo ni adhabu. Kwa mtu aliyelala kifudifudi ni faida tupu, maana pumzi na mapigo ya moyo haviutikisi mdomo wa mtutu ovyo. Bolti inanyanyuliwa kwa nyuzi 60 tu, kwa hiyo vidole havigongi darubini hata ukiifunga chini kabisa. Kitufe cha usalama kinasukumwa mbele ndipo bunduki iwe tayari kupiga. Kwenye 452 na 455 za zamani ilikuwa kinyume, basi aliyezizoea hizo awe makini sana.

Kilichonivutia zaidi ni kifyatulio. Ugumu wake unarekebishwa kwa skrubu, na kikishawekwa vizuri kinakatika safi: unaongeza nguvu ya kidole polepole, hakisuasui, mara risasi imetoka. Mimi hukiangalia kabla ya mtutu kwenye bunduki yoyote. Kifyatulio kizito chenye kukwaruza kinamfundisha mtu kuvuta bunduki nzima pamoja na kidole, na tabia hiyo ikishaingia mkononi kuing'oa ni kazi ya muda mrefu.

Kasoro zipo. Mgongo wa kitako cha mbao uko chini mno ukifunga darubini kubwa. Shavu linaelea hewani, na shavu lisilotulia halirudi mahali pamoja kila risasi. Tulifunga kipande cha godoro la sponji kwa utepe wa gundi, tukakipandisha hadi jicho likakaa katikati ya kioo lenyewe, bila shingo kujikaza. Sura yake si nzuri, lakini inafanya kazi. Pia juu ya bunduki kuna reli ya kufungia darubini ya milimita 11 tu. Kwa mbali utahitaji kununua kishikizo chenye mteremko kuelekea mbele, kwa sababu risasi ya .22 inashuka sana: ukiwa umeilenganisha kwenye mita 50, ikifika mita 200 imeshuka zaidi ya mita moja, na darubini iliyofungwa sambamba na mtutu inaweza kuishiwa nafasi ya kupandisha.

Hapo ndipo watu wananiuliza: sasa mita 200 ni mbali gani? Ni mbali kweli kwa risasi hii. Upepo unaisukuma .22 kwenye mita 200, ukipima kwa milradiani za darubini (kipimo cha pembe), kiasi kinachokaribia kile unachosukuma .308, kaliba kubwa, kwenye mita 800. Maana yake unasoma somo lile lile kwenye uwanja mfupi, kwa gharama ndogo, bila bega kuumia. Tuna bamba dogo la chuma kwenye mita 200. Unabonyeza, unakaa kimya, na sekunde moja na ushei inapita ndipo mlio wa chuma ukufikie. Katika muda huo jicho lako limeshaona majani makavu yameinama upande gani, na mazigazi ndani ya darubini yanaelekea wapi. Yakipanda wima, upepo umelala au unakuja moja kwa moja usoni au mgongoni. Yakilala upande mmoja na kukimbia, usipige mpaka ujue utasogeza kiasi gani. Mwezi wa nane, upepo wa kule juu ukichacha, nimewaona watu wenye bunduki za pesa nyingi wakikosa bamba hilo mfululizo, huku binti mmoja wa klabu akiligonga kwa .22 ya kukodi kwa sababu alikuwa anangoja upepo urudi kwenye hali anayoijua.

Risasi nazo zina ubaguzi wao. Mtutu mmoja unapenda aina moja na kuikataa nyingine, na hakuna anayeweza kukutabiria. Tulijaribu CCI Standard Velocity, SK Standard Plus na Lapua Center-X, tano tano kwenye mita 50. Bunduki hii ilipendelea SK, zote tano zikakaa ndani ya sentimita moja na nusu. SK na Lapua za .22 zinatoka Schönebeck, Ujerumani, ila bei zake zinatofautiana sana, kwa hiyo ilitufurahisha kuona mtutu umechagua ya bei nafuu. Ukishaipata inayokubali, nunua nyingi za toleo moja, namba imeandikwa kwenye boksi. Ziepuke zile zinazotangazwa kwa kasi kubwa. Zinatoka mtutuni zikiwa juu ya mwendo wa sauti, zinashuka chini yake njiani, na pale zinapovuka ndipo zinapoyumba. Kingine, risasi za .22 zina nta kwenye kichwa. Ukizimwaga kwenye mkeka zinabeba vumbi na mchanga hadi ndani ya mtutu. Ziache kwenye boksi lake.

Kuhusu darubini nitasema kidogo, ila msilipuuze hili: itengewe pesa sawa na za bunduki. Mistari ya ndani na vifundo vya kuzungusha viwe vya kipimo kimoja. Mimi natumia milradiani, ambapo mbofyo mmoja wa 0.1 ni sentimita moja kwenye mita 100, na hesabu zinafanyika kichwani. Iwe na kirekebisho cha umbali kinachoshuka hadi mita 25 au 30, la sivyo picha ya karibu itakuwa ukungu.

Na baada ya .22? Nimezipiga kubwa za kaka yangu na za wenzake. 6.5 Creedmoor, iliyoletwa na Hornady mwaka 2007, ndiyo ningechagua: teke lake linavumilika, na kwenye mita 1,000 kichwa cha risasi bado kina kasi ya juu ya sauti. .308 Winchester, ya mwaka 1952, inasukumwa zaidi na upepo, lakini mtutu wake unadumu muda mrefu zaidi. Pia kuna jambo ambalo mwanafunzi hulisahau: kama klabu yako inashindana katika daraja la F-TR (la kupiga mbali ukiwa umelala kifudifudi), hapo zinakubaliwa .223 Remington na .308 peke yake, basi 6.5 yako itabaki nyumbani. Uliza klabu kwanza. .300 Winchester Magnum simshauri anayeanza hata kidogo. Inapiga bega kiasi kwamba mwili unaanza kuogopa kabla kidole hakijamaliza, macho yanafumba, na shabaha inaharibika bila mwenyewe kujua. Hesabu ya pesa nayo iko wazi: kwa bei ya risasi moja ya mashindano ya 6.5 unapata kadhaa za .22, hata zikiwa za Schönebeck.

Mwinuko nao usisahaulike. Pretoria iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1,200. Hewa ni nyepesi kuliko pwani, risasi haishuki sana kama jedwali la kiwandani linavyosema, na kwenye mita 800 tofauti hiyo inatosha kukosa bamba. Ingiza shinikizo halisi la hewa kwenye programu ya simu ya kukokotoa njia ya risasi, la pale uwanjani.

Kama 457 haipatikani, Tikka T1x kutoka Finland inaweza kushika nafasi yake bila wasiwasi. Nimeipiga pia, bolti yake ni laini zaidi, na inakubali vitako vya T3x, ndugu yake wa kaliba kubwa, kwa hiyo anayefikiria kuhamia T3x ya 6.5 baadaye anaweza kununua kitako kimoja kizuri na kukihamisha. Mimi bado kifyatulio cha 457 kinanifaa zaidi.