Maktaba ya C "inayofanya kazi popote", isipokuwa Kariakoo

Jina lake siliandiki, nimeshatukanwa vya kutosha. Anayeijua ataitambua: ni moja ya zile maktaba ndogo za lugha ya C, yaani msimbo ulioandikwa tayari, faili mbili tu, unazinakili ndani ya mradi wako na unaahidiwa kwamba msimbo uleule utafanya kazi Linux, macOS na Windows bila wewe kugusa kitu. Mimi naandika programu za mauzo ya madukani. Nyumbani natumia Linux, maduka yana Windows, tena zile kuukuu zenye vumbi hadi kwenye feni. Ahadi ile ndiyo iliyoninasa.

Sasa sikia. Ndani yake kuna fanksheni ya kusoma faili zima na kukurudishia yaliyomo pamoja na ukubwa wake. Niliitumia kusoma nembo ya duka, picha ya PNG inayochapwa juu ya risiti. Kwangu ilikuwa safi kabisa. Nikaenda kuifunga programu yangu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, Jumamosi moja, watu wamejaa hadi mlangoni. Risiti zikaanza kutoka zina kipara. Hakuna nembo, na jina la duka liko ndani ya nembo. Fundi mmoja akairudisha ya kwake: bosi wangu hii hapokei, hii ni karatasi tu. Mzee mwenye duka akanigeukia mbele ya wateja: "Kijana, ndiyo hii uliyoniuzia?" Nilijibu nini? Nikasema, shikamoo mzee, nipe dakika kidogo. Shikamoo ya pili siku hiyohiyo, kwa woga.

Dakika zikawa jioni. Fanksheni haikutoa kosa lolote. Ilisema imesoma faili lote, ukubwa sawasawa. Nilipochungulia ndani ya bafa, pale kwenye kumbukumbu yanapowekwa yaliyosomwa, baiti tano tu za mwanzo ndizo zilizotoka kwenye faili, zilizofuata zote takataka za kumbukumbu.

Kisa ni herufi moja. Mwenye maktaba anafungua faili kwa "r" badala ya "rb". Kwenye Linux hiyo b iwepo isiwepo ni mamoja. Kwenye Windows, bila b, faili linahesabiwa ni la maandishi: baiti 13 ikifuatwa na 10, alama ya kumaliza mstari, zinageuka kuwa 10 peke yake, na ikitokea 26, basi, faili limeisha. Hiyo 26 ni urithi wa CP/M ya miaka ya 1970, mfumo uliohesabu faili kwa vipande vya baiti 128 na haukujua linaishia wapi hasa. Na kila PNG duniani inaanza hivi: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Waliotengeneza PNG miaka ya 1990 walizipanga hivyo makusudi, ili programu inayosoma faili hovyo ikamatwe papo hapo. Yaani mtego ulitegwa zamani kwa ajili ya watu kama huyu, na ukafyatuka vizuri tu, ila yeye ukubwa anauchukua kwa ftell, yaani mahali faili linapoishia, na jibu la fread, yaani zimesomwa ngapi kweli, halitazami kabisa. Mwizi kakamatwa, askari kalala.

Nikamwandikia. Kwa adabu, nikamwekea na marekebisho: herufi moja, ongeza b. Akafunga taarifa yangu siku ileile: kwangu inafanya kazi, anayetumia Windows ajitegemee. Ajitegemee! Na ukurasa wake wa mbele umeandika Windows kwa herufi nono.

Nilikuwa nimeshaamua nyota sifuri. Lakini haki ni haki, sehemu nyingine za maktaba hii zimetengenezwa na mtu aliyeumia. Anajua kwamba _snprintf ya zamani ya Microsoft, fanksheni ya kupanga maneno, ilikuwa inakata maneno bila kuweka sifuri ya mwisho inayoonyesha yameishia wapi, na kwamba snprintf ya kawaida ilikuja na Visual Studio 2015, hivyo kaweka ya kwake. Anajua aina ya namba iitwayo long ni baiti nne kwenye Windows ya biti 64 na nane kwenye Linux, hutaikuta popote kwenye msimbo wake. Ana strlcpy yake mwenyewe, ya kunakili maneno bila kufurika, kitu ambacho mfumo wa OpenBSD ulikuwa nacho tangu 1998 na glibc, maktaba ya C ya Linux, ikakubali 2023. Hesabu za njia za faili, mikwaju ya kulia na ya kushoto, zote hazijawahi kunisumbua. Kwa hayo ningempa nyota nne, na bado naitumia hadi leo.

Nne, eh? Juzi nimepakua toleo jipya. Herufi b imo. Maelezo ya mabadiliko yanasema "usafi wa msimbo". Hakuna asante, hakuna neno lolote kuhusu Windows, na taarifa yangu bado imefungwa kama nilikuwa naota. Nyota moja, na hiyo ni ya strlcpy.

Tena nimechungulia zaidi. Ukubwa bado anauchukua kwa ftell. Fread ikileta pungufu, diski mbovu au flashi imechomolewa, utaambiwa faili limesomwa lote. Hilo sijamwandikia, na siandiki.